Najisi Isiyonuka

Ni swali la tohara kabla halijawa swali la faida: mboga iliyokuzwa kwa maji wanamoishi samaki, maji ambayo samaki hao huyachafua usiku na mchana, na ambayo hayamwagwi bali huzungushwa na pampu kutoka tangini hadi mizizini na kurudi tangini, je, ni chakula safi kwa mtu anayejali kile kiingiacho tumboni mwake? Anayeliuliza hana ujinga wala inda. Katika nchi ya Migori na Homa Bay dini imekaa mezani pamoja na watu tangu zamani. Muislamu wa Kendu Bay anazo hukumu zake za maji na najisi. Mwadventista, ambaye wamisionari wake wa kwanza walitua Gendia mwaka 1906, anasoma katika kitabu cha Walawi kwamba samaki asiye na mapezi na magamba asiliwe, na kwa hiyo kambare, ambaye wenyeji humwita mumi, hamgusi, ingawa ni mmoja wa samaki wavumilivu mno kwa maisha ya tangini. Hata kuchagua samaki wa kufuga, basi, huanza na itikadi, na ngege hupata kibali mahali ambapo mumi hana.

Kilimo chenyewe, kwa asiyepata kukiona, ni hivi. Samaki huwekwa katika tangi, tuseme la lita elfu moja. Juu yake au kando yake huwekwa kitanda cha kokoto au mabomba yaliyotobolewa, ndimo mnamopandwa sukuma wiki, mnavu au spinachi bila ya chembe ya udongo. Pampu hupandisha maji ya samaki hadi mizizini, nayo maji hushuka tena kwa samaki yakiwa mepesi kuliko yalivyopanda. Ipo pia aina ya pili, isiyo na samaki, ambayo chakula cha mmea huyeyushwa majini kikiwa chumvi za madini, na ambayo William Gericke wa California aliivumisha duniani katika miaka ya 1930. Aina zote mbili zasifiwa kwa kubana maji, kwani zikitunzwa vyema huweza kutumia hata sehemu moja tu ya kumi ya maji yanayonywewa na bustani ya kawaida. Na kwa mtu aliyesoma jinsi Mtume alivyomkataza Saad kufanya israfu ya maji katika kutawadha, hata kama angekuwa kando ya mto unaopita, sifa hiyo si ndogo.

Lakini turudi kwenye uchafu, maana ndiko swali liliko. Samaki hutoa amonia, ambayo ikizidi majini humuua yeye mwenyewe aliyeitoa. Na hapa maumbile yana jambo ambalo muulizaji wetu hakulitazamia, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya amonia hiyo haitoki pamoja na kinyesi, hutoka matamvuani, pale samaki anapovutia hewa. Tulidhani twauliza habari za choo, kumbe twauliza habari za pumzi. Kisha amonia hiyo haiendi moja kwa moja kwa mmea. Kwanza hupokewa na bakteria, mahuluki wasioonekana kwa macho waishio juu ya kokoto na kuta za tangi, wakaila na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Halafu wengine wa jamii nyingine huila nitriti hiyo na kuacha nitrati, na nitrati ndiyo chakula ambacho mmea hukipokea kwa furaha. Sergei Winogradsky, mwanachuoni wa Kirusi, ndiye aliyewatenga na kuwajua viumbe hao karibu na mwaka 1890, lakini kazi yao waliifanya kabla ya kuzaliwa mwanachuoni yeyote. Mwenye tangi si lazima awanunue wala awaalike: huja wenyewe, kwa hewa, kwa maji, kwa mikono ya mtu, na kinachotakiwa kwake ni subira ya wiki tatu hadi tano, muda ambao tangi laonekana halifanyi lolote, ilhali ndani yake umma mzima wahamia na kujipanga. Wengi huharibikiwa katika muda huo, kwa sababu humwaga samaki wengi tangini siku ya kwanza, na samaki hao hufa kwa sumu yao wenyewe kabla wafanyakazi hawajafika.

Mafakihi walikwisha kulijadili jambo la namna hii karne nyingi kabla ya pampu ya umeme, kwani bustani za mijini tangu kale zilirutubishwa kwa samadi na kwa maji ya mifereji. Wengi wao waliamua kwamba mmea ulionyweshwa najisi ni tohara, maadamu ile najisi imegeuka ikawa kitu kingine, na mgeuko huo wakauita istihala. Wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hambal ndio walioshika ukali, wakasema mmea huo usiliwe mpaka unyweshwe maji safi kwa muda wa kuuondolea uchafu. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu na ya Waislamu walio wengi wa Afrika ya Mashariki, yana zaidi ya hayo kipimo cha kulateni, yaani takriban lita mia mbili na kitu: maji yaliyofikia kadiri hiyo hayaharibiki kwa kuingiwa na najisi, ila ikiwa yamebadilika rangi, au ladha, au harufu. Tangi la lita elfu limepita kulateni mara kadhaa, na tangi lililotunzwa halinuki. Kwa hiyo muulizaji wetu na ale mboga zake kwa moyo mkunjufu. Na ikiwa bado roho yamsuta, akasema kuwa afadhali ile aina ya pili ya chumvi safi za madini, nyeupe, zilizotiwa mfukoni na kupigwa chapa, basi na asafiri kwa fikra hadi Minjingu, karibu na Ziwa Manyara kule Tanzania, ambako huchimbwa fosfati ya mbolea: mwamba ule ni mavi na mifupa ya ndege walao samaki, yaliyorundikana katika ziwa la kale na kugeuka jiwe. Istihala ni ileile, imechukua muda mrefu zaidi tu.

Wako wanaokiona kilimo hiki kuwa kibaya kwa sababu nyingine, nao ni watu wa kuheshimiwa. Wasema kuwa mwanadamu ameumbwa kwa udongo, Taurati na Kurani zashuhudia, na kumnyima mmea udongo ni kumkata nduguye. Hoja hii ina uzuri, walakini yabeba dhana isiyo kweli juu ya mmea. Jan van Helmont wa Ubelgiji, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1648 baada ya kufa kwake, alipanda mti katika ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaunywesha maji matupu kwa miaka mitano. Mti uliokuwa na ratili 5 ukafika ratili 169, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia mbili hivi. Akahukumu kuwa mti wote ni maji. Alikosea nusu, kwa sababu walio baada yake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea, ukishakauka, asili yake ni hewa; lakini alipatia katika jambo moja kubwa, kwamba udongo hutoa kidogo sana cha mwili ule tunaodhani kuwa umetoka kwake. Heshima ya udongo, basi, isitafutwe katika ghala yake ya chakula. Katika nchi ya Waluo heshima hiyo iko penye makaburi ya wazee, kama taifa zima la Kenya lilivyojionea mwaka 1987 katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, iko pia katika desturi ya kufungua msimu, golo kodhi, ambapo mbegu hutoka kwa kufuata ukubwa wa watu nyumbani, wala mdogo hamtangulii mkubwa kupanda. Tangi halijui msimu wala halijui mke mkubwa. Mboga hung'olewa wiki hii na kupandwa wiki hii. Kama wazee watasema kuwa desturi yahusu shamba la mvua tu, au kwamba na tangi lifunguliwe na mkubwa, ni juu yao. Mimi naona hata Wayahudi, ambao sheria yao yaamuru ardhi ipumzike mwaka wa saba, wako miongoni mwao wanazuoni walioruhusu mboga zilizopandwa katika vyombo vilivyotengwa na ardhi, na hoja yao ni kwamba ardhi yenyewe, chini ya vyombo vile, imepumzika kweli.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya baraza, ya kupitishia jioni, lau si Masara.

Masara ni soko dogo katika kaunti ya Migori, upande wa kuelekea Nyatike na ziwa, na chini ya ardhi yake mna dhahabu. Dhahabu ya kanda hiyo imechimbwa tangu zama za ukoloni. Mgodi wa Macalder, ulioko Nyatike, ulitoa shaba na dhahabu hata ukafungwa katika miaka ya 1960, na mashimo ya leo ni ya wachimbaji wadogo, waume kwa wake, ambao huyatoa mawe shimoni, huyasaga yakawa unga, huuosha unga huo kwa maji katika karai, kisha hutia zebaki. Zebaki huikamata dhahabu ikawa donge moja. Donge hukamuliwa katika kitambaa, likachomwa motoni, zebaki ikaruka mvuke, dhahabu ikabaki. Iliyoruka hutua, juu ya bati, juu ya mnavu, juu ya mtoto achezaye. Iliyobaki katika mchanga huchukuliwa na mvua hadi vijitoni, na maji ya upande huo yaingia Mto Migori, ambao huungana na Kuja kabla ya kufika ziwani huko Nyatike. Si ajabu basi kwamba mtu wa Masara, aonapo shamba lake limetobolewa na udongo wake hauaminiki tena, akisikia habari ya mboga zisizohitaji udongo huona mlango umefunguliwa.

Na tuilete sasa ile mizani ya mafakihi, rangi, ladha na harufu, tuitie katika maji ya Masara. Zebaki iliyomo majini kwa kadiri ya kumdhuru mtu haina rangi, haina ladha, haina harufu. Kulateni haiikomeshi. Maji yaliyo nayo ni meupe, hutawadhiwa, hubatiziwa, hunywewa, na tohara yake kwa sharia haina doa, kwa kuwa zebaki ni madini, si najisi. Kisha istihala, ambayo katika tangi ilikuwa rehema, hapa hugeuka balaa: pale penye matope yasiyopata hewa, chini ya mto au chini ya bwawa, wako bakteria wengine ambao huigeuza zebaki kuwa zebaki ya namna nyingine, kali kuliko ya kwanza, iingiayo katika viumbe wadogo, kisha katika samaki wadogo walao viumbe hao, kisha katika samaki wakubwa, ikizidi katika kila kinywa inachopitia. Amonia humalizika katika safari yake. Zebaki haimaliziki, hubadili vazi tu. Wajapani waliyajua haya kwa msiba, pale ugonjwa wa watu wa Minamata, walioharibika neva na kuzaa watoto viwete kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda, ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956. Na mkataba wa dunia juu ya zebaki, uliotiwa saini huko Japani mwaka 2013, Kenya ikiwemo, na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, umepewa jina la mji huo.

Insafu yataka tuseme kuwa mafakihi hawakukosa jibu. Mlango wa tohara si mlango pekee katika fikihi. Upo mlango wa madhara, na kitu kinaweza kuwa safi kabisa kwa hukumu ya kwanza na kuwa haramu kuliwa kwa hukumu ya pili, kama ilivyo kwa sumu yoyote. Nathubutu kusema, hata hivyo, kwamba wahubiri wetu, wa msikiti na wa kanisa, wamesimama mno katika mlango wa kwanza. Muumini hufundishwa tangu utotoni kukwepa kile kinachonuka, akakwepa, akajiona salama. Pua yake imefundwa vizuri sana kwa dunia ambayo uchafu wake wote ulikuwa wa kuoza; haikufundwa kwa dunia hii.

Kutoka hapa ndipo naona swali la kweli juu ya kilimo kisicho na udongo lilipo. Mtu aliyeitia sumu ardhi, au aliyekaa kimya ikitiwa sumu, akainua bustani yake juu ya vigingi na kusema kuwa sasa haimhusu tena ardhi, amefanya kama mdeni ahamaye nyumba usiku. Deni halijalipwa, na wala hajafika mbali, kwa sababu maji ya tangi hutoka wapi kama si katika kisima na mto uleule, na mvua aikingayo kwa bati yapita juu ya bati ambalo mvuke wa zebaki ulitua? Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa Siaya, aliandika mwaka 1993 juu ya maadili aliyoyaita ya dunia mzazi, akaitazama dunia kuwa nyumba moja ya ndugu, wengine wamefanikiwa na wengine wamekwama, na akashikilia kuwa wa nyumba moja hawezi kuzitenga mali zake na haja za nduguze, kwa kuwa bahati na mikosi yao imefungamana. Yeye alikuwa akiwajibu matajiri wa dunia na misaada yao. Lakini isome fikra hiyo kando ya Mto Migori, uone inavyosimama: achomaye donge Masara na avuaye Nyatike, pamoja na alimaye kwa maji ya Kuja ya chini, ni watoto wa mzazi mmoja, na wa juu humnywesha wa chini apende asipende.

Ziwa lenyewe latufundisha kuwa kukua bila udongo si fadhila kwa nafsi yake. Bustani kubwa kuliko zote zisizo na udongo katika Afrika ya Mashariki haikupandwa na mtu. Ni gugumaji, mgeni wa Amerika ya Kusini aliyeonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, akaelea, akanywa mbolea iliyoletwa na mito kutoka mashambani na mijini, akafunga ghuba za Homa Bay hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Ni ile kanuni ya tangi kwa kila sharti lake, isipokuwa hakuna aliyepima. Katika tangi dogo hupimwa: gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, na akizidisha mtu, maji humwambia kwa kuwafisha samaki. Ziwa huchelewa kusema.

Na chakula hicho cha samaki pia kina hesabu yake mbele ya Mungu. Aghalabu huchanganywa na omena, dagaa wa ziwa hilihili, ambaye ndiye kitoweo cha fukara. Ikiwa omena atanunuliwa kwa bei asiyoiweza mama wa Masara ili anoneshwe ngege wa mkahawa wa mjini, basi tangi limehifadhi maji na kupoteza haki. Ipo njia nyingine, ya kulisha samaki kwa funza wa nzi mweusi wanaofugwa juu ya mabaki ya jikoni na ya sokoni, ambayo taasisi ya ICIPE, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye kituo Mbita, imeshughulika nayo kwa utafiti. Najua kuna watakaokunja nyuso kwa kusikia funza. Hao ndio hasa niliowakusudia niliposema habari za pua.

Fatwa ya mtu asiye mufti, basi, ni hii: mboga ya tangini ni halali na ni safi, na akiilima mtu kwa kubana maji, kwa kutomnyang'anya fukara omena wake, na kwa kuuhesabu udongo ulio chini ya tangi kuwa bado ni amana iliyo shingoni mwake, amefanya ibada. Lakini anayetaka kuweka tangi Masara na aanze kwa kupeleka maji yake, na baadaye samaki wake wa kwanza, kupimwa zebaki maabara kabla hajamlisha mtoto, asitegemee jicho wala ulimi. Nao maimamu, wachungaji na makasisi wa huko nawaomba jambo moja lenye kushikika: kipo chombo cha chuma, kifuniko na bomba tu, ambacho huunasa mvuke wa zebaki donge linapochomwa na kuirudisha ikawa maji tena, na fundi wa kuchomelea wa soko lolote aweza kukitengeneza. Sadaka ya Ijumaa moja, au ya Jumamosi moja, au ya Jumapili moja, yatosha kukinunua. Kichangiwe, kiwekwe penye mashimo, na asichome mtu donge nje ya chombo hicho.